Mlango Uliotazama Usangu

Jumatano, 12 Juni

Baridi kavu, midomo inapasuka. Mahindi tumemaliza kupukuchua, maharagwe bado yamelala uani yakisubiri kupigwa. Padre mpya amefika. Anaitwa Anyitike, Mnyakyusa wa Rungwe, na wanasema amekaa Marekani miaka mingi akichimba vijiji vya kale vya Wahindi Wekundu. Wanasema pia amekuja kuchimba kilima chetu cha Lugoda, ambako zamani lilikuwapo boma la vita la mababu zetu Wahehe. Nimemweleza Mama wakati namchania nywele. Akasema, "Achimbe. Kilima si cha mtu."

Jumapili, 16 Juni

Padre amejitambulisha kanisani. Jambo la kwanza alilosema ni kwamba tusiseme Wahindi Wekundu. Watu alioishi nao ni Wamohawk, na wao wenyewe hujiita Watu wa Jiwe la Gumegume. Alichimba pamoja nao kijiji cha mababu zao kando ya mto, mahali ambapo mapadre wa kwanza walifika zaidi ya miaka mia tatu iliyopita. Nguzo za nyumba zilioza zamani, lakini kila nguzo iliacha duara jeusi kwenye udongo, na kwa kufuata maduara hayo walizijua nyumba zote, ndefu kama mabweni. Sasa anataka kufanya hivyo Lugoda. Kibali cha Idara ya Mambo ya Kale anacho.

Baba mdogo Kalinga, mdogo wake marehemu baba yangu, alipiga makofi humo humo kanisani. Babu yao alipigana na Mjerumani, na Kalinga hajapitisha msiba hata mmoja bila kulitaja jambo hilo. "Hatimaye tutaandikwa," aliniambia nje.

Mimi ndiye ninayefundisha historia Darasa la Sita. Hakuna aliyewahi kunipigia makofi.

Jumatatu, 24 Juni

Shule bado zimefungwa. Maharagwe. Upepo.

Ijumaa, 5 Julai

Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Padre amemletea Mama komunyo, maana Mama magoti yake hayafiki tena kanisani. Baada ya sala akauliza kwa adabu kama Mama anajua lolote kuhusu Lugoda.

"Mimi nimeolewa tu hapa," Mama akasema. "Waulize wenyewe."

Nilimsindikiza Padre hadi getini nikamwambia asijisumbue. Mama hasemi. Nikiwa mdogo wenzangu walikuwa wanataja mwiko wa ukoo wa mama zao: huyu kwao hawali kanga, huyu hawali moyo wa mnyama. Nikaenda kumwuliza Mama, sisi kwenu hatuli nini? Akasema, "Tunakula vyote," akaendelea kusonga ugali. Nimeuliza tena nikiwa msichana, nikiwa mwalimu, nikiwa mjane niliyerudi nyumbani kumtunza. Jibu ni lile lile.

"Asante kunitahadharisha, Mwalimu," Padre akasema. Lakini alitabasamu kama mtu ambaye hajatahadharishwa.

Jumanne, 9 Julai

Amerudi. Alikuja na kishikwambi kama vile tulivyogawiwa walimu, akamwonyesha Mama picha za huko kwa Wamohawk. Uwanja wa majani juu ya kilima, na vijiti vingi vimechomekwa, kila kijiti mahali palipokuwa na nguzo. Mimi nilikuwa namimina chai.

Mama alitazama muda mrefu. Kisha akauliza, "Na hao watu, kijiji chote kilikuwa chao wenyewe?"

"Hapana, Mama," Padre akasema. "Wengi walikuwa mateka. Watu wa makabila mengine, waliochukuliwa vitani. Nyumba iliyofiwa ilimchukua mateka, wakamwosha, wakampa jina la yule aliyekufa. Tangu siku hiyo akawa mtoto wa nyumba."

"Na yeye alisahau kwao?"

"Wengine walisahau. Wengine hawakusahau."

Mama akaweka kikombe chini. Bila kunitazama akasema, "Matilda, kaangalie maharagwe."

Maharagwe yamo ndani ya magunia. Hayahitaji kuangaliwa. Nilitoka. Nilikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, nikasikia sauti ya Mama ikipita dirishani, maneno siyapati, sauti tu. Ilikuwa sauti ya msichana. Nimeishi na mama huyu maisha yangu yote na sauti ile sikuwa nimewahi kuisikia.

Ijumaa, 12 Julai

Amekuja tena. Nimetumwa dukani kununua chumvi. Chumvi ipo.

Jumanne, 16 Julai

Amekuja. Shule zimefunguliwa, kwa hiyo wanayo nyumba yote. Niliporudi nilikuta amemletea Mama ndizi za kwao Rungwe, na Mama amezipanga kabatini, mahali ambapo mimi hukatazwa kuweka chakula.

Alhamisi, 25 Julai

Amekuja. Siku hizi natoka mwenyewe kabla ya kuambiwa.

Jumapili, 28 Julai

Nimempigia simu mdogo wangu Goodness, anayeuza viazi mviringo Uyole. Nyuma yake malori yalikuwa yanapiga honi, akawa anapaza sauti.

"Dada, si afadhali anaongea? Mtu wa umri ule akipata wa kumsikiliza ni baraka."

"Nani amemnyima wa kumsikiliza? Mimi niko hapa."

"Sasa we dada, usiniambie unamwonea wivu padre!"

Nikakata simu. Nikasingizia mtandao.

Ndiyo, namwonea wivu. Naandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kuandika. Ninayemwogesha ni mimi. Ninayemkata kucha za miguu ni mimi. Nikimwuliza kama maumivu yamepungua, anasema "kidogo". Yeye anakuja na viatu vyake vya kupandia milima na kofia pana kama ungo, anakaa kwenye kiti cha marehemu baba, na anapewa yote.

Jumatano, 7 Agosti

Leo mwanafunzi ameniambia, "Mwalimu, tumemwona bibi kule Lugoda." Nikamwambia asiseme uongo. Kumbe ni kweli. Padre alimchukua kwa pikapu ya parokia wakati nafundisha. Alishuka, akatembea kwa fimbo hadi nje ya ukuta wa boma, akaonyesha mahali kwenye majani makavu akasema, "Hapa."

Nilimwuliza jioni. "Mama, magoti yamewezaje?"

"Yameweza," akasema.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimekwenda Lugoda peke yangu. Upepo ulikuwa unapeperusha vumbi jekundu, na wale wanafunzi wawili wa chuo kikuu waliokuja kumsaidia Padre walikuwa wamejifunga vitambaa usoni. Padre alifurahi kuniona, furaha ya kweli, jambo lililoniudhi zaidi.

Alinionyesha palipopita ukuta mkubwa. Alinionyesha maduara meusi ya nguzo za tembe, nyumba za wenye boma, mstari ulionyooka kama rula. Kisha akanipeleka nje ya ukuta, kwenye mraba uliozungushiwa kamba. Humo maduara yalikuwa madogo, yamepangwa mviringo, nyumba ya msonge isiyozidi upana wa jiko letu. Kati yake mafiga matatu bado yamekaa. Upande mmoja mviringo ulikatika.

"Mlango," Padre akasema. "Umetazama kusini magharibi. Nyumba nyingine zote zimeupa upepo kisogo, huu umeuelekea. Na Mama alisema hivyo kabla hatujaweka jembe! Alisema mlango utatazama kule."

"Amejuaje?"

Akainama kunyoosha kamba.

"Padre, nakuuliza. Mama yangu amejuaje?"

"Mwulize yeye, Mwalimu."

"Nakuuliza wewe."

"Nilimwahidi sitasema mpaka aseme mwenyewe. Nisamehe."

Nisamehe! Anasimama ndani ya maneno ya mama yangu kama mtu aliyesimama sebuleni kwake, na mimi ananiacha mlangoni. Nilishuka kilima sijui nilikanyaga wapi.

Jumapili, 25 Agosti

Baada ya misa baba mdogo Kalinga alinikuta chini ya mnara wa kengele. Ana manung'uniko yake: Padre hajaja kumhoji hata mara moja, mjukuu wa shujaa, anashinda na wanawake. "Anataka nini kwa mama yako?"

Nikasema, "Anamwuliza vitu vilifukiwa wapi."

Ni sentensi hiyo tu. Ukiitazama kwa upole si uongo. Lakini najua watu wetu. Najua kila mwaka mtu hutokea anatafuta rupia za Mjerumani zinazosemwa zilifukiwa, na kwamba kile chombo cha Padre cha miguu mitatu cha kupimia ardhi watoto tayari wanakiita jicho la dhahabu. Niliona macho ya Kalinga yakibadilika. Ningeweza kuongeza neno, kucheka, kusema ni vigae tu, baba. Sikuongeza.

Jumatatu, 2 Septemba

Joto limeanza. Nafundisha wanafunzi vyanzo vya historia: masimulizi ya mdomo, akiolojia. Nikawapa zoezi la kunakili, nikatoka nje.

Jumapili, 8 Septemba

Wakati wa misa mabenchi ya wanaume yalikuwa nusu tupu. Padre aliyatazama mara mbili tatu akiwa anahubiri. Wakati wa matoleo akaja mmoja wa wale wanafunzi wa chuo, vumbi mpaka kwenye nyusi, akasimama mlangoni hajui kama aingie.

Misa ilipokwisha tulikwenda wote Lugoda. Waliochimba walikuwa wameshaondoka. Kilima kimechimbuliwa kwa sululu na majembe, mashimo marefu kuliko mtu, udongo mweusi na mwekundu umechanganywa kama uji. Nyumba ndogo ya nje ya ukuta ndiyo waliyoianza, kwa kuwa ndiyo aliyoionyesha Mama. Mafiga mawili yamepasuliwa kuona kama kuna kitu ndani. Hakuna mlango tena. Hakuna maduara.

Padre alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akiwa bado na kola yake nyeupe. Hakumlaumu mtu. Aliokota kigae, akakifuta kwa kidole gumba, akakiweka kwenye mfuko wa plastiki, akaandika juu yake. Kisha kingine.

Nilitaka kumchukia, lakini leo nilishindwa. Nilikwenda nyuma ya mawe nikakaa mpaka watu wakaondoka.

Alhamisi, 12 Septemba

Mwenyekiti wa kijiji, Rabson, ameitisha mkutano wa hadhara Jumamosi. Ajenda: Padre aondoke. Wasichokipata wanasema ameshakihamisha. Mama Aroni, jirani yetu, ameniambia Kalinga alikuja nyumbani asubuhi nikiwa shuleni, akakaa na Mama muda mrefu. Mama hajaniambia kitu. Sijauliza.

Jumamosi, 14 Septemba

Nitaandika yote, hata mkono ukiuma.

Tulikutana uwanja wa ofisi ya kijiji. Mama alisema anakwenda. Nilimwambia jua ni kali, akasema, "Nifunge kitambaa vizuri." Tulipanda bajaji hadi pale, akaketi kwenye mkeka na wanawake wenzake.

Rabson alifungua. Kalinga akasimama, koti jeusi, sauti ya msibani. Alisema kijiji kimekaribisha mtu wa Mungu kumbe kimekaribisha mwizi wa makaburi. Alisema mababu wa Lugoda hawakumwaga damu ili vitu vyao vikauzwe Marekani. Watu wakaitikia. Padre akaombwa ajibu. Akafungua sanduku lake akaonyesha alivyopata, vigae, mifupa ya mbuzi, kipande cha chuma cha jembe. Watu wakacheka.

"Vigae!" mmoja akapiga kelele. "Mtu atoke Marekani aje kuokota vigae?"

"Atoe rupia!"

Nilihisi mkono wa Mama kwenye bega langu. Alikuwa anajiinua. Nikamshika kiwiko, akanitoa mkono taratibu, kama unavyomtoa mtoto aliyeng'ang'ania kanga.

"Mwenyekiti, naomba kusema."

"Karibu, bibi."

"Mnatafuta rupia," Mama akasema. Sauti ilikuwa ndogo, ila uwanja ulinyamaza. "Pale hakuna rupia. Mmechimba jikoni kwa bibi yangu."

Kalinga akasema, "Shemeji, kaa chini. Jua limekuchosha."

"Nimekaa, Kalinga. Tangu nimeolewa kwenu nimekaa. Kila msiba mnataja mababu, kila mtu anataja wake, na mimi nainuka nakwenda kuchota maji. Hujawahi kujiuliza kwa nini nyumbani kwenu maji huisha kila mnapotaja mababu?"

Hakuna aliyecheka.

"Bibi yangu hakuwa Mhehe," akasema. "Mhehe ni yule mwanamume aliyezaa naye. Yeye mwenyewe alitoka Usangu. Alikuwa mtoto, meno ya mbele yameng'oka, mengine hayajaota. Jeshi la kwenu lilipiga kijiji chao, mama yake akabaki njiani, yeye akaletwa hapa amefungwa kamba moja na mbuzi. Wakamweka nje ya ukuta pamoja na mateka wengine. Hapa hakuwa na jina. Walimwita Msangu. Msangu lete kuni, Msangu lete maji, mpaka amezeeka ana mvi ni Msangu. Yeye ndiye aliyenilea, akanipeleka Lugoda nikiwa msichana, boma limeshaanguka, akanionyesha mahali. Akasema mateka waliachiwa wajenge nyumba zao, na wao waligeuza mlango utazame kwao. Upepo uliwapiga, moshi ukawarudia machoni, lakini asubuhi mtu akifungua mlango anaona upande wa kwao. Padre alifukua, akaukuta mlango ule ule. Ndicho alichokiiba. Sasa mmeuvunja, basi, umevunjika. Lakini msiseme pale kuna mali ya babu yenu. Pale ni kwetu."

Akakaa. Alikuwa anahema.

Kalinga alibaki amesimama. Katika ukoo wetu tumekua tukijua kwamba damu yetu yote ni ya walioshinda. Watu walimtazama Mama, kisha wakanitazama mimi, kana kwamba sura yangu imebadilika tangu asubuhi. Rabson akakohoa, akasema mkutano umeahirishwa.

Na mimi? Nilichokitafuta tangu utoto nilikipata uwanjani, wakati mmoja na muuza maandazi. Hata muuza maandazi aliniwahi, maana alikuwa amekaa mbele.

Jumatatu, 16 Septemba

Hakuna aliyekuja.

Jumatano, 18 Septemba

Mama Aroni amekuja na unga. Alikaa, akazungumza habari za kuku, akaaga, akafika mlangoni akageuka. "Bibi, hata sisi," akasema. "Bibi yake mama alitoka Ubena hivyo hivyo." Mama akamwambia arudi aketi. Nilikwenda kutengeneza chai kabla sijatumwa.

Jumapili, 22 Septemba

Leo nilikuwa namwosha Mama miguu kwa maji ya moto, pale uani, jioni jua halijazama. Nilikuwa nimejiandaa siku nzima.

"Mama, ile habari ya rupia. Mimi ndiye..."

"Najua. Kalinga alikuja kuniambia kabla ya mkutano. Alitaka nijue nimemzaa nani."

Maji yalikuwa yanatoka mvuke. Sikuweza kuinua uso.

"Na ukasimama vile hadharani kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu ya Padre. Wangempiga." Akavuta kanga magotini. "Na kwa sababu yako. Wangempiga, na wewe ungekuja kujua umefanya nini."

Nikalia. Hakunibembeleza, si mtu wa kubembeleza. Nilipomaliza nikamwuliza lile nililolibeba tangu Julai. "Kwa nini yeye, Mama? Mimi nimeuliza maisha yangu yote. Mgeni ameuliza mara moja."

Aliuzungusha mguu ndani ya maji.

"Padre ataondoka," akasema. "Nilijua atachukua maneno yangu aondoke nayo. Wewe usingeondoka. Ungebaki nayo hapa hapa jikoni, na kila ukinipa chakula ungenitazama ukiwa unayajua. Niliogopa macho yako, mwanangu. Ya watu wengine sikuyaogopa."

Nilimkausha mguu mmoja, nikahamia wa pili. Sijui nilimtazama vipi. Nilijitahidi kumtazama kama jana.

Jumamosi, 28 Septemba

Nilikwenda kwa Padre parokiani, nikamweleza sentensi yangu ya chini ya mnara wa kengele. Alikuwa anaosha vigae kwa mswaki kwenye beseni. Aliendelea kuosha mpaka nikamaliza.

"Nilihisi ni mmoja wa watu wa karibu," akasema. "Waliochimba walikwenda moja kwa moja pale."

Akanipa mswaki wa pili. Tukaosha pamoja. Akasimulia kwamba alipofika kwa Wamohawk, mama mmoja mzee alimkatalia mwaka mzima. Alimwambia mapadre wa kwanza waliandika habari zao zote, wanavyokula, wanavyolia, wanavyokufa, na kwamba wamechoka kujisoma kwa mwandiko wa wengine. Ndipo akajifunza kutosema neno la mtu mpaka mwenyewe aliseme.

"Ulinikasirikia mimi," akasema, "na mimi nikakuonea wivu wewe."

"Wewe? Wivu wa nini?"

"Mama yangu alifariki nikiwa kule. Nilikuwa nahesabu nguzo za nyumba za mabibi wa watu wengine. Mama yangu mwenyewe sikuwahi kumwuliza hata alizaliwa upande gani wa mlima." Alikiinua kigae kwenye mwanga. "Kila nilipotoka kwenu nikakuona umekaa juu ya kile kinu umekasirika, nilisema moyoni, huyu ana mama wa kumkasirikia."

Nikachukua kigae kingine. Nikaosha.

Jumatano, 9 Oktoba

Watu wamekuja kufukia mashimo ya Lugoda, Rabson amewaita. Padre alitandika kwanza turubai mahali palipobaki salama, ili atakayechimba baadaye ajue pasipoguswa. Saa nne hivi Kalinga akatokea na jembe, bila koti. Hakumsalimia mtu. Alifukia lile shimo la nje ya ukuta peke yake, na kila aliyetaka kumsaidia alimpungia mkono aondoke.

Jumamosi, 19 Oktoba

Padre anapeleka vitu vyake Mbeya, nasi tumepata usafiri naye kwenda kwa Goodness. Ni Mama aliyetaka. Makambako tulikula mahindi ya kuchoma. Tulipoteremka kuelekea tambarare, joto likaingia ndani ya gari, na baada ya Chimala Mama akasema, "Simama hapa."

Kando ya barabara ni mashamba ya mpunga, sasa makavu, mabua tu, ng'ombe wanatembea humo mbali hata wanaonekana kama sisimizi. Usangu haina mwisho. Mama alishuka. Alimshika Padre mkono, si mimi. Ndiyo, niliona, na ndiyo, iliuma, hata leo.

Alisimama kandokando ya lami, malori yakipita yanapeperusha kanga yake. Nilisubiri alie. Hakulia.

"Bibi alisema ukikaa kwao humwoni mtu akikaribia ghafla, unamwona tangu asubuhi," akasema. "Sasa nashangaa. Wale askari, hawakuwaona?"

Padre akasema labda walikuja usiku. Mama akatikisa kichwa, akaendelea kutazama kule mbali kana kwamba bado kuna muda wa kuwaonya.

Jumapili, 20 Oktoba

Uyole. Goodness ametupikia wali na nyama. Kabla sahani hazijajaa Mama ameanza mwenyewe: Usangu, kamba, mbuzi, mlango. Amemsimulia Goodness mezani, hajamtuma nje, hajamwambia akaangalie viazi. Goodness akalia, akamkumbatia, akasema, "Pole Mama, mbona hukusema siku zote?" na Mama akacheka!

Nimekaa miaka yote hii, na yeye amepewa pamoja na wali.

Nilikwenda kuosha vyombo. Padre alikuwa mgeni pale, akaja kusimama mlangoni mwa jiko akanitazama. Akachukua kitambaa akaanza kufuta sahani, na kwa mara ya kwanza nilifurahi kwamba yupo.

Jumanne, 5 Novemba

Tumerudi. Padre amehamishiwa Dar es Salaam kwa mwaka mmoja kuandika ripoti yake. Nyumba kimya. Mama ameuliza mara mbili kama leo ni Ijumaa ya kwanza.

Jumapili, 17 Novemba

Mawingu yanajikusanya, yanaondoka. Kalinga alikuja baada ya misa, akakaa kwenye kiti cha baba, akanywa chai kimya. Akiaga akamwambia Mama, "Shemeji, arobaini ya yule mzee wa kitongoji cha juu ni Jumamosi. Watataja mababu." Mama akasema atakwenda. Kalinga akasema, "Maji watachota vijana."

Jumamosi, 23 Novemba

Kwenye arobaini Mama alisimama zamu yake ilipofika. Alisema, "Bibi wa Usangu," akakaa. Wakaendelea na mwingine.

Jumamosi, 30 Novemba

Mvua. Imeanza saa nane mchana, kubwa, na harufu ya vumbi lililolowa ikajaa nyumba. Tulikuwa tumekaa jikoni, mlango wazi, nachambua mbegu za kupanda.

Ujumbe ukaingia kutoka kwa Padre, kwenye WhatsApp. Anakaribia kumaliza ripoti. Anaomba jambo moja, kama Mama hatachukia: kabla hajaitwa Msangu, bibi alikuwa anaitwa nani? Alimwuliza Mama mwezi wa nane, akaambiwa amesahau.

Nilimsomea Mama.

"Sikusahau," akasema.

Mvua ilikuwa inapiga bati, ikabidi anisogelee. Aliweka mdomo karibu na sikio langu, akalitamka jina, mara moja kwa haraka, kisha polepole, akanifundisha sauti yake inavyopanda na kushuka. Alinifanya nirudie mpaka nikalipata sawasawa. Nilimwuliza lina maana gani, akaniambia na hilo. Nikamwuliza ni nani mwingine analijua.

"Aliniambia mimi. Mimi nimekuambia wewe."

"Goodness je?"

"Hakuuliza."

"Na Padre? Nimjibuje?"

"Amua wewe. Ni lako sasa." Akarudi kwenye mbegu zake.

Ujumbe nimeusoma, na Padre anaona kwamba nimeusoma. Ni mtu mwema, na ripoti yake itakuwa nzuri. Huenda nikamwandikia kesho, au wiki ijayo, ardhi ikishalainika tukimaliza kupanda. Hapa siliandiki. Leo ni letu sisi wawili, na bado inanyesha.